O'Neil Ford: kutoka vibanda vya mawe hadi zege lililopandishwa kwa jeki

Ukisimama La Villita, katikati ya mji wa San Antonio huko Texas, umezungukwa na vijumba vya chini: kuta nene za mawe na udongo, madirisha madogo, vibaraza vyembamba, mapaa ya mteremko. Inua macho kuelekea mashariki na unakutana na mnara mwembamba wa zege, Tower of the Americas, wenye mita 190 hadi juu ya kichwa chake na mita 229 ukihesabu na mlingoti. Toka vijumbani hadi mnarani ni mwendo mfupi wa miguu. Vijumba viliokolewa visibomolewe mwaka 1939, na mnara ukafunguliwa 1968. Aliyesimamia ukarabati wa vijumba ndiye huyohuyo ambaye ofisi yake ilichora mnara. Jina lake ni O'Neil Ford.

Anayekutana na jina hilo kwa mara ya kwanza hukwama hapo. Huyu alikuwa mlinzi wa majengo ya kale, au alikuwa mpenda mitambo? Wanaoandika historia ya usanifu wa majengo Marekani humweka kwenye fungu la wasanifu wa kimkoa, yaani waliochora kwa kufuata mahali walipo. Kwa maoni yangu lebo hiyo, ikiachwa bila maelezo, inaficha zaidi kuliko inavyoonyesha, maana imebandikwa kwa watu waliofanya kazi zinazopingana kabisa. Ili kumwelewa Ford inabidi kuuliza alijifunza nini kutoka kwa nyumba za zamani, na kwa nini somo hilo lilimpeleka moja kwa moja kwenye jeki, chuma na zege.

Shule ya posta na shule ya barabarani

Alizaliwa Desemba 3, 1905, huko Pink Hill, kijiji kidogo kaskazini mwa Texas, karibu na mpaka wa Oklahoma. Baba yake alifariki mwaka 1917, na mama akahamia na watoto mji wa Denton, wenye vyuo, akaendesha nyumba ya kulaza na kulisha wapangaji. Kijana alisoma miaka miwili hivi katika chuo cha ualimu cha hapo, kisha fedha zikakata. Usanifu aliusoma kwa posta, kupitia International Correspondence Schools ya Scranton, Pennsylvania, taasisi iliyokuwa ikituma vitabu na mazoezi kwa barua na kupokea michoro ya wanafunzi kwa njia hiyohiyo. Hakuwahi kuhitimu shule yoyote ya usanifu. Shahada alizokuja kuwa nazo zilikuwa za heshima.

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 18, alisafiri kwenda kusini mwa Texas, na safari hiyo ilimpa kile ambacho barua zisingeweza kumpa. Aliona Castroville, mji ulioanzishwa 1844 na wahamiaji kutoka Alsace. Aliona San Antonio na makanisa yake ya mawe yaliyojengwa na wamisionari wa Kihispania katika karne ya 18. Miaka miwili baadaye aliajiriwa Dallas na msanifu David R. Williams, mtu aliyekuwa na ugonjwa uleule wa kupenda nyumba za zamani, na wawili hao wakawa wanazunguka na gari kupiga picha na kuchora nyumba za mashambani ambazo hakuna mtu mwingine aliyedhani zinastahili kuchorwa. Walifika hata miji ya Wajerumani, New Braunfels ya mwaka 1845 na Fredericksburg ya 1846.

Waliona nini? Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukuta wa nyumba ya Castroville ni wa mwamba wa chokaa, mnene karibu nusu mita, umepakwa lipu ya chokaa. Mawe yalikuwa chini ya miguu ya wajenzi, hayakuhitaji kusafirishwa. Ukuta mnene wa mawe huchelewa kushika joto: jua linaupiga mchana kutwa, na joto linapoanza kufika upande wa ndani, nje giza limeshaingia na hewa imepoa. Kibaraza kimeelekezwa kusini au kusini-mashariki, kwa sababu upepo wa kiangazi hutoka Ghuba ya Mexico, zaidi ya kilomita 200 kutoka San Antonio. Nyumba nyingi zina upana wa chumba kimoja tu, ili upepo ukiingia dirisha hili utokee lile la upande wa pili. Paa limejitokeza mbele ya ukuta kiasi cha kuzuia jua la kiangazi, linalopita juu kabisa, na kuliacha lile la majira ya baridi, linalopita chini, liingie hadi sakafuni.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichowekwa kwa ajili ya urembo. Wajenzi wale hawakuwa na fedha za kukosea. Williams na Ford walizisoma nyumba zile kama hesabu iliyokwisha kupigwa na watu ambao wangelipia kila kosa kwa jasho lao wenyewe.

Lebo iliyobeba mizigo miwili

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Katika miaka ya 1920 mitaa ya matajiri wa Texas ilijaa nyumba zenye sura ya Hispania, ya vijiji vya Uingereza, ya majumba ya Ufaransa. Hata waliotaka kitu cha nyumbani walichukua kilele cha kanisa la misheni, na tao, na vigae vyekundu, wakavibandika mbele ya jengo lililopangwa bila kujali jua wala upepo. Huo ni umkoa wa sura. Unachukua kile ambacho jicho linakumbuka na kuacha kile ambacho mwili ulihitaji.

Upande wa pili ulikuwapo usasa wa kimataifa. Mwaka 1932 Museum of Modern Art ya New York ilifanya maonyesho yaliyoupa jina la International Style: kuta nyeupe, paa bapa, vioo virefu, jengo ambalo lingeweza kusimama Berlin au Buenos Aires bila kubadilishwa. Kwa vijana wengi wa taaluma hiyo ilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Lakini sanduku la vioo ndani ya jua la Texas ni tanuri, isipokuwa uwe na mashine ya kulipoza.

Na mashine ilikuwapo. Jengo la Milam lilifunguliwa San Antonio mwaka 1928, na ndilo la kwanza miongoni mwa majengo marefu ya ofisi nchini Marekani kupozwa lote kwa kiyoyozi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiyoyozi kilishuka hadi nyumba za kawaida, na hapo elimu yote ya Castroville ikapoteza thamani kwa mkupuo. Mwenye nyumba hakuhitaji tena kujua upepo unatoka wapi. Angeweza kuigeuza nyumba upande wowote, akapunguza unene wa ukuta, akakata kibaraza ili aokoe gharama, na bili ya umeme ingefunika makosa yote.

Ukiyaweka hayo pamoja unaona kwa nini Ford hatoshei upande wowote. Alizichukia nyumba zenye sura ya kuazima, na alilisema hilo kwa sauti kubwa maisha yake yote. Alipenda zege, chuma na kioo kama mfuasi yeyote wa usasa wa kizazi chake. Ila alizitaka nyenzo hizo zipigiwe hesabu upya mahali zilipo, kama ambavyo mwamba wa chokaa ulipigiwa hesabu na watu wa Alsace. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Alexander Tzonis na Liane Lefaivre, na baada yao Kenneth Frampton, walianza kuliita wazo la namna hiyo umkoa wa kihakiki, na likawa mada kubwa vyuoni. Ford alikuwa ameshalifanyia kazi kwa miaka hamsini.

Kanisa dogo na mtaa uliookolewa

Kazi iliyomtangaza ni kanisa dogo, Little Chapel in the Woods, katika chuo cha serikali cha wanawake kule Denton, ambacho leo ni Texas Woman's University. Alilichora pamoja na mshirika wake Arch Swank, na likazinduliwa Novemba 1939 na Eleanor Roosevelt, mke wa rais. Kwa nje ni mawe ya Texas, hayana madoido. Ndani kuna mfululizo wa matao ya matofali yanayopanda kutoka sakafuni na kukutana juu kwa mkunjo mwembamba unaoitwa parabola, umbo ambalo uzito wake hushuka wenyewe hadi ardhini bila kuhitaji nguzo za kuegemeza pembeni. Tao hilo halikutoka Castroville, wala halikutoka kwenye misheni yoyote. Ni jipya, limejengwa kwa kitu kikongwe.

Wanafunzi wa sanaa zaidi ya mia tatu walishiriki: walitengeneza vioo vya rangi vinavyoonyesha wanawake wakihudumia watu, wakatengeneza taa, wakachonga viti. Vijana wa National Youth Administration, shirika la serikali lililowapa kazi vijana wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, walifanya kazi ya ujenzi. Fedha zilikuwa haba na mikono ilikuwa mingi. Ford aligundua hapo jambo ambalo hakuliacha tena, kwamba fundi akipewa nafasi ya kuweka alama yake, jengo la bei ndogo linakuwa na utajiri ambao fedha haziununui. Kaka yake mdogo, Lynn Ford, fundi wa mbao na chuma, alimchongea milango na kumfulia taa kwa miongo kadhaa. Ukiingia jengo la Ford na kushika mlango wake, mara nyingi umeshika kazi ya Lynn.

Shirika hilohilo la vijana ndilo lililompeleka San Antonio mwaka 1939. Meya Maury Maverick alitaka kuokoa La Villita, mtaa mkongwe kando ya mto, ambao nyumba zake zilikuwa zimechakaa na kugeuka makazi duni. Ndani ya mtaa huo imo nyumba ambamo, kwa masimulizi ya mji, Jenerali Cós wa Mexico alitia saini kujisalimisha kwake kwa waasi wa Texas mwezi Desemba 1835. Ford alisimamia ukarabati kwa kanuni ambayo kwa wakati ule haikuwa ya kawaida: kuta zisifanywe mpya, kiraka kibaki kiraka, jengo la Kijerumani lisibadilishwe kuwa la Kimexico eti ili watalii wafurahi.

Lakini kazi ile ina doa. La Villita iliokoka kama mawe, si kama mtaa. Familia maskini zilizoishi humo ziliondoka, na nyumba zikawa karakana za kazi za mikono na maduka. Wanaoisimulia La Villita kama ushindi mtupu wanaruka sehemu hiyo, na naona si haki kuiruka, kwa sababu swali hilihili la nani anabaki ndani ya nyumba iliyookolewa lingerudi miaka ishirini na tano baadaye, umbali wa hatua chache tu kutoka hapo.

Mwaka 1940 alimwoa Wanda Graham, akabaki San Antonio moja kwa moja, wakiishi Willow Way, shamba la familia ya mkewe upande wa kusini wa mji karibu na misheni ya San José. Wakati wa vita alikuwa mwalimu wa urubani.

Kuinua chuo kikuu kwa jeki

Trinity ni chuo kikuu kilichoanzishwa na Wapresbiteri mwaka 1869, kikahamahama, na kufika San Antonio mwaka 1942. Baada ya vita kilipata eneo la kujenga upya: machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa kaskazini mwa katikati ya mji. Lilikuwa genge lenye makorongo na vichaka, na hazina ya chuo ilikuwa nyembamba. Ford aliingia kazini pamoja na wasanifu wenzake wa mji huo, na William Wurster wa California akiwa mshauri.

Hatua ya kwanza ilikuwa kukataa kusawazisha. Mipango ya vyuo ilikuwa ikianza kwa mhimili ulionyooka, majengo yakipangwa kulia na kushoto kama gwaride. Ford na wenzake walifuata mwinuko wa ardhi. Majengo yaliwekwa pale ambapo ukingo wa machimbo uliyakubali, mengine juu ya genge na mengine chini yake, yakiunganishwa kwa ngazi na njia zinazopinda kati ya mialoni. Yote yalivikwa tofali la rangi moja nyekundu, ili jicho lione chuo kimoja hata kama majengo yalijengwa kwa miaka mingi tofauti.

Hatua ya pili ndiyo iliyowashangaza watu. Mtu yeyote aliyewahi kupita karibu na ghorofa linalojengwa anajua gharama ya slabu ilipo. Ili umwage zege la sakafu ya juu unahitaji kwanza kutengeneza sakafu ya mbao huko juu, uishikilie kwa msitu wa mirunda, upange nondo, upandishe zege, usubiri likomae, kisha ubomoe mbao zote na kuanza tena ghorofa inayofuata. Mbao na mirunda ni kazi ya muda tu, lakini hula sehemu kubwa ya fedha.

San Antonio alikuwapo Tom Slick, mrithi wa utajiri wa mafuta, mtu mwenye udadisi wa kila aina, ambaye alianzisha taasisi za utafiti mjini humo na hata kugharamia misafara ya kumtafuta yeti, yule kiumbe wa hadithi wa milimani, kule Himalaya. Slick alikuwa akifadhili njia mpya ya kujenga iliyohusishwa na jina lake na la msanifu Philip Youtz. Mantiki yake ni nyepesi. Simamisha kwanza nguzo za chuma. Mwaga slabu ya chini ardhini. Ipake dawa inayozuia zege kushikana, kisha mwaga slabu ya ghorofa ya kwanza juu yake, na ya paa juu ya hiyo, kama chapati kwenye sahani, kila moja ikiwa na kola ya chuma inayoizunguka nguzo. Zege likishakomaa, weka jeki ya haidroliki juu ya kila nguzo na uanze kuvuta. Paa linapanda polepole, likifika mahali pake mafundi wanachomelea kola kwenye nguzo, kisha inafuata slabu ya chini yake. Mbao pekee unazohitaji ni za pembeni.

Ugumu uko kwenye neno "polepole". Jeki zote lazima zipande sawasawa. Kona moja ikitangulia, slabu inapinda, na zege halipendi kupindwa. Ilihitajika imani, na Ford alikuwa nayo. Majengo ya kwanza ya Trinity yalipandishwa hivyo kati ya mwaka 1950 na 1952, chuo kikahamia huko mwaka 1952, na njia hiyo ikaenea Marekani na nje yake.

Haifai kuisimulia kama hadithi ya furaha tupu. Aprili 23, 1987, miaka mitano baada ya Ford kufariki, jengo lililokuwa likijengwa kwa njia hiyo huko Bridgeport, Connecticut, lilianguka na kuua wafanyakazi 28. Hatari kubwa ya njia hii ni ule muda ambao slabu imeshapanda lakini jengo bado halijashikamanishwa vya kutosha kuzuia kuyumba. Baada ya ajali ile matumizi yake Marekani yalipungua sana.

Kwa nini basi mpenzi wa vibanda vya Castroville aikumbatie njia kama hiyo? Kwa sababu ilikuwa jibu la mahali pale na fedha zile. Slabu nyembamba iliyopandishwa inaweza kujitokeza nje ya ukuta bila boriti, na hapo unapata kivuli kirefu na kibaraza kwenye kila ghorofa. Tazama majengo ya mwanzo ya Trinity bila kuangalia nyenzo zake, utaona kile alichokiona mwaka 1924: kina kidogo, madirisha pande mbili, paa lililojitokeza, mgongo umeelekezwa kwenye jua na uso kwenye upepo. Paa limebadilika kutoka bati hadi zege, na hesabu ni ileile.

Tandiko la zege

Mwaka 1958 kampuni ya Texas Instruments ilifungua karibu na Dallas jengo lake la kutengenezea semikondakta, vipande vinavyoendesha vifaa vya kielektroniki, na Ford alikuwa miongoni mwa wasanifu wake, pamoja na Richard Colley. Ushauri wa paa ulitoka kwa Félix Candela, Mhispania aliyekimbilia Mexico mwaka 1939 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ambaye alikuwa bingwa wa kujenga mapaa ya zege membamba kama ganda la yai.

Umbo lenyewe ni kama tandiko la farasi. Shika kitambaa cha pembe nne, vuta pembe mbili zinazotazamana juu na nyingine mbili chini. Kitambaa kinapinda, lakini ukiweka rula kwa kufuata upande fulani utaona kimejaa mistari iliyonyooka. Maana yake, seremala anaweza kutengeneza fomu, yaani kiunzi cha kumwagia zege, ya paa lililopinda kwa kutumia mbao zilizonyooka, na mpindo huo unaipa zege nguvu bila kuongeza unene. Chini ya paa hilo wasanifu waliweka kitu kingine cha maana zaidi kwa kiwanda: kati ya ghorofa mbili walipenyeza nafasi nzima yenye fremu za pembetatu, ambamo mtu anaweza kutembea, na humo wakapitisha mabomba, nyaya na mifereji ya hewa. Laini ya uzalishaji ikibadilika, fundi anapanda humo na kuelekeza mabomba upya bila kusimamisha kazi ya chini wala ya juu. Ni mwaka huohuo, na katika kampuni hiyohiyo, mhandisi Jack Kilby alipoonyesha saketi unganishi ya kwanza, yaani chipu ya kielektroniki.

Mnara na nyumba mia

Kisha likaja jambo lililomuumiza. San Antonio iliamua kufanya maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1968, HemisFair, kuadhimisha miaka 250 ya mji. Eneo lililochaguliwa lilikuwa ekari 92 kando ya katikati ya mji, na halikuwa tupu. Ulikuwa mtaa wa watu wenye asili ya Mexico, Ujerumani na Poland, wenye nyumba za mawe, za matofali na za mbao, makanisa na maduka. Chini ya mpango wa serikali wa kufanya upya miji, mtaa uliwekwa kwenye orodha ya kuvunjwa.

Ford aliteuliwa msanifu mkuu wa maonyesho. Pendekezo lake lilikuwa kuyapenyeza maonyesho ndani ya mtaa uliokuwapo: nyumba za kale zaidi ya mia zibaki, ziwe migahawa, kumbi na ofisi wakati wa maonyesho, na banda jipya lichomekwe pale palipo wazi. Chama cha uhifadhi cha San Antonio, ambacho mkewe Wanda alikuwa mmoja wa viongozi wake, kilipigania hilohilo. Waandaaji waliona nyumba hizo ni kizuizi. Ford hakuwa mtu wa kunyamaza. Alibishana hadharani, na kabla ya milango ya maonyesho kufunguliwa aliondolewa kwenye cheo chake. Mamia ya majengo yalivunjwa. Yaliyobaki ya kale ni ishirini na ushei.

Mnara, hata hivyo, ulibaki kazi ya ofisi yake, Ford, Powell & Carson, huku Boone Powell akiwa na sehemu kubwa katika mchoro wake. Shina lake lilimwagwa mfululizo kwa fomu inayopanda kadiri zege linavyoshika. Kichwa cha juu, chenye mgahawa na eneo la kutazamia mji, kilijengwa chini, kikizunguka kitako cha shina, kisha kikavutwa kidogo kidogo hadi kileleni. Aliyeona Trinity ikipanda miaka kumi na sita kabla angeitambua njia hiyo mara moja. Aprili 1968 watu walipanda lifti na kutazama mji, na chini yao ulikuwa uwanja mpana pale ulipokuwa mtaa.

Nimesoma waandishi wanaomlaumu Ford kwa kukubali mnara huku akipinga uvunjaji. Siioni hitilafu hiyo. Mnara unakalia kipande kidogo cha ardhi, na hakuna nyumba mia iliyolazimika kufa ili usimame. Kilichoziua nyumba ni uamuzi kwamba ardhi safi ni rahisi kuipanga kuliko ardhi yenye watu, na uamuzi huo ndio Ford aliupinga hadi akapoteza kazi.

Hakushinda mengi ya aina hiyo. Yeye na Wanda walikuwa pia kwenye mapambano marefu dhidi ya barabara kuu iliyopangwa kupita bustani ya Brackenridge na bonde la Olmos. Barabara ilicheleweshwa kwa miaka mingi mahakamani, ikafunguliwa 1978, na leo magari yake yananguruma pembeni mwa chuo cha Trinity.

Rais Lyndon Johnson, ambaye ujanani aliongoza shirika lile la vijana katika jimbo la Texas, alimteua Ford mwaka 1968 kuingia baraza la taifa la sanaa. Mwaka 1974 baraza hilo lilifanya jambo ambalo halijafanywa kwa mtu mwingine: lilimtangaza Ford mwenyewe kuwa alama ya kihistoria ya taifa, hadhi ambayo kwa sheria hupewa majengo na maeneo. Tamko hilo lilikuwa la heshima tu, halikuwa na nguvu ya kisheria, lakini kwa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuomba majengo yapewe hadhi hiyo ili yasivunjwe, sidhani kama ilikuwapo heshima nyingine ambayo ingemfaa zaidi.

Alifariki San Antonio Julai 20, 1982. Ofisini kwake walikuwa wamepita vijana wawili, David Lake na Ted Flato, ambao mwaka 1984 walifungua ofisi yao mjini humohumo na kuanza na nyumba za mashambani za bati, mawe na mbao. Kazi yao ya kwanza wakifika kwenye kiwanja kitupu imebaki ileile waliyoiona kwa mzee: kusimama kwanza, na kutafuta upepo wa Ghuba unaingilia wapi.